Mitumba ya Wafalme

Swali lililoninyima usingizi katika msimu wangu wa mwisho wa kazi lilikuwa hili: je, mfanyakazi anaweza kumwambia mteja asinunue kwa tajiri wake? Nililalia ubavu wa kulia, nikaona anaweza. Nikageukia wa kushoto, nikakumbuka kuwa kibali changu cha kuishi China kimetolewa kwa jina la karakana ya tajiri huyohuyo. Nikalala chali. Chali sikuona kitu ila dari, na dari nayo ilikuwa inavuja.

Nawaandikia nyinyi mnaoshuka Guangzhou sasa, na vyeti vyenu kwenye bahasha za plastiki, ambao kila Jumapili mnanikuta kwenye mikahawa ya mtaa wa Dengfeng na kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani na kwa nini nimestaafu. Najua mtu wa miaka thelathini na mbili hastaafu. Neno hilo nimelifikiria sana. Nilijaribu kusema "nimeacha kazi", nikaona linanifanya mvivu. Nikajaribu "nimeachishwa", nikaona si kweli yote. Kustaafu kuna heshima yake. Isitoshe, yule Mwingereza niliyemsomea shahada mbili naye aliacha kazi kabla hajawa mzee, akarudi kwenye mji wake mdogo, na sijasoma popote kwamba majirani walimtaka maelezo.

Mwingereza mwenyewe mnamjua. Ni yule mwandishi wa tamthilia ambaye akitajwa tu darasani, kuanzia Tanga nilikozaliwa hadi Nairobi, watoto huinamisha vichwa ili mwalimu asiwaone. Mimi sikuinamisha. Niliendelea kunyoosha mkono mpaka nikaandika tasnifu juu ya mavazi ya waigizaji wake, miaka mia nne iliyopita, kisha nikapata ufadhili wa kuja kusoma huku. Nilipomaliza, nikagundua kwamba katika jiji zima hili kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye haja na elimu yangu. Aliitwa Bwana Liang, alikuwa na karakana ya nguo za maonyesho hatua chache kutoka soko la vitambaa la Zhongda, na aliponiajiri aliamini kwamba nimesomea biashara ya nguo. Sikumsahihisha mara moja. Nilipanga kumsahihisha nikipata nafasi nzuri, na miaka ikapita.

Tulimwita laoban, yaani tajiri, kama kila mtu sokoni anavyomwita mwenye duka. Mwenye duka naye hukuita laoban ukiwa unanunua. Kwa hiyo soko zima ni la matajiri watupu, na asiyekuwa tajiri ni yule anayekunja nguo. Nilikuwa nakunja nguo pia.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kusimama kati ya picha na mkasi. Mteja anakuja na picha ya malkia wa zamani wa Uingereza, anaiweka mezani, anasema anataka hiyo. Mkataji hawezi kukata picha. Lazima mtu amwambie ndani ya gauni lile kuna nini: kwamba sketi imesimamishwa na pete za fito au za mfupa wa nyangumi, kwamba kifua kimebanwa kwa vijiti, kwamba mikono haikushonwa kwenye bega bali imefungwa kwa kamba, ili gauni moja libadilishwe mikono na lionekane mawili. Ushauri wangu wa kwanza kwenu ni huu: mteja akikuletea picha, muulize habari za mgongo. Wachoraji wa zama zile walichora malkia wote kwa mbele. Nimekaa saa nyingi maktaba nikitafuta mgongo wa malkia, na nikiri kwamba wahudumu walianza kunitazama.

Ushauri wa pili ni wa kitambaa. Kitambaa cha jukwaani hakichaguliwi chini ya taa za duka. Taa za Zhongda zinaweza kufanya hata gunia lionekane mahameli. Muombe muuzaji akitandike mlangoni, kisha rudi nyuma, endelea kurudi nyuma, mpaka muuzaji aanze kuwa na wasiwasi kwamba unaondoka. Hapo ndipo ukitazame. Hivyo ndivyo watu wa London walivyokitazama, kwa mbali na mchana, maana majumba yao ya tamthilia yalikuwa wazi juu, hayana taa, na mchezo ulianza baada ya chakula cha mchana ili uishe jua likiwapo. Nguo ilipaswa kung'aa yenyewe. Bei nayo hushuka wakati unarudi nyuma, ingawa silo nililokuwa nalitafuta.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkataji wetu, Shifu Chen. Shifu ni neno la kumheshimu fundi aliyekomaa, kama sisi tunavyosema fundi na kunyamaza kidogo baada yake. Siku moja aliniuliza huyu mtu ni nani hasa, kwamba kila mwaka watu wanatoka nchi za mbali kutaka nguo za michezo yake. Nilifurahi. Nilimweleza juu ya ushairi, juu ya wafalme na vichekesho vyake, nikatumia Kichina changu chote mpaka kikaisha. Alisubiri nimalize.

"Baba yake alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatengeneza glavu."

Akaweka mkasi chini. "Za ngozi?"

"Za ngozi. Za mbuzi na kondoo. Alizilainisha mwenyewe."

"Glavu ni ngumu," akasema. "Vidole."

Kuanzia hapo akamwita "mtoto wa glavu". Mteja akilalamika kwamba kola inambana, Shifu Chen alikuwa akiniambia nimjibu kwamba mtoto wa glavu asingelalamika. Nilikaa na wasiwasi kwamba nimemshushia hadhi mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha ile. Nikamweleza pia kwamba alioa akiwa na miaka kumi na minane, mke akiwa na ishirini na sita na tayari mjamzito, nikidhani hilo litarudisha uzito wa mambo. Shifu Chen akauliza kama mke alijua kushona. Nikasema sijui. Akasema ajabu, mmemsoma miaka mia nne na hamjui jambo la maana.

Kola ndizo zilizokaribia kuniua. Mnazijua, zile pana za mikunjo zinazozunguka shingo kama sahani. Kule kwao zilisimamishwa kwa kanji, nami nikasema kanji tunaijua, nyumbani Tanga kofia za mkono zinapigwa kanji na kukaushwa zikasimama kama chungu. Nikapika kanji ya mchele. Kola zikasimama vizuri kabisa, mpaka ukaingia ule wakati wa mwaka ambapo kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo hazikauki. Asubuhi moja tukakuta kola zote zimelala mabegani mwa sanamu za kuvalishia kama chapati. Shifu Chen akaleta wavu wa nailoni, akasema tukunje huo. Nikakataa, kwa sababu nailoni haikuwapo zama zile. Tukabishana kwa upole hadi jasho la ukuta likaanza kudondoka juu ya hoja zangu. Ikawa nailoni. Kwa kola zilizokwisha kwenda nilimwandikia mteja, nikamweleza kwamba hata London zilianguka kila mvua iliponyesha na wahubiri, walioziona ni majivuno, wakashangilia, kwa hiyo alichopokea ni sahihi kihistoria.

Mnaniuliza pia nilijifunzaje lugha za hapa. Nilijifunza vibaya, na nawashauri mjifunze vibaya mapema. Nilipokuwa mwanafunzi nilimsoma yule Mwingereza nikiwa nahesabu maneno magumu. Nikadhani watu wake wote walikuwa wasomi. Baadaye nikafikiria mahali alipofanyia kazi: mji wa bandari, meli zinaingia na hariri, divai na maneno mapya, watu wa Ufaransa na Italia wanapigana vikumbo na wenyeji, na sarufi haina askari. Yeye mwenyewe alitia sahihi ya jina lake namna hii leo, namna ile kesho. Waliolipa kiingilio cha chini walisimama uani, karibu na jukwaa, wakitafuna njugu, bei yao sawa na ya mkate mdogo. Ndivyo Dengfeng ilivyo. Mkenya ana Sheng yake, Mkongo ana Kifaransa chake, mwenye duka ana Kikantoni, na kalkuleta inapitishwa mkono kwa mkono kama refa. Mtu anayesikiliza akiwa amesimama, ana njaa na mvua inataka kunyesha, haulizi maana ya kila neno. Anauliza nini kinafuata. Hilo sikulipata chuoni.

Sasa nije kwa Mama Wairimu, maana ndiye anayehusika na usingizi wangu.

Alikuwa mwalimu wa fasihi Nairobi, mlezi wa klabu ya maigizo, mwanamke mpana mwenye miwani ya kamba shingoni. Mwaka huo aliacha ualimu akafungua duka la kukodisha nguo za maigizo kwa shule. Shule nyingi zilikuwa zinaigiza mchezo mmoja wa yule Mwingereza muhula huo, naye alikwisha kuwaahidi walimu wenzake nguo. Duka lilikuwa na bango, pazia na kioo kirefu. Nguo hazikuwapo. Nafasi yake kwenye kontena, ambalo wafanyabiashara wenzake walikuwa wanalijaza kwa pamoja, ilikuwa inasubiri, na kontena lilikuwa linafungwa mwisho wa mwezi. Watoto wakipanda jukwaani na mashuka muhula huo, alisema, hakuna mwalimu atakayemkodisha tena kitu, na shuleni hawezi kurudi kwa sababu barua ya kuacha kazi aliiandika kwa maneno makali.

Alipoingia karakanani nilimwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Wacha hiyo shikamoo, unanizeesha. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, Mama. Naitwa Salma."

"Poa, msomi. Nataka mfalme, nataka malkia, wakubwa wa ikulu, na wale wa kusimama nyuma wasiseme kitu. Wawe wazuri. Mzazi akiwaona asahau karo."

Nikamweleza, kwa kuwa nilidhani ni muhimu, kwamba zama zile wanawake hawakuruhusiwa kuigiza na malkia wote walikuwa wavulana ambao sauti haijavunjika, kwa hiyo magauni yapaswa kukatwa bapa kifuani.

"Shule zangu nusu ni za wasichana," akasema. "Huko wafalme wote wana matiti. Shona kitu kinachoweza kuachiliwa, kipanuke."

Laoban alikuwa anatutazama. Akaniuliza mteja anasema nini. Nikamwambia anataka nguo zinazoachilika. Akasema weka zipu. Nikamwambia zama zile hazikuwa na zipu. Akauliza kama Kenya ina shule. Nikasema inazo. Akauliza kati ya zama zile na shule hizi, mteja wetu ni nani. Nilikwenda na swali hilo nyumbani, nikalizungusha jioni zote za wiki, kisha nikatengeneza sampuli ya kamba.

Sampuli ilikuwa nzuri. Nasema hivyo hadi leo. Kizibao cha sufu chenye bitana mbili, kimejazwa pamba kifuani, mikono ya kufunga kwa kamba, suruali fupi zilizovimba, na kola ya nailoni ambayo sikuitazama sana. Tulikijaribu Jumapili mchana, mwezi wa sita, kwenye ghorofa ya pili ya mkahawa mmoja wa Dengfeng. Aliyekubali kukivaa alikuwa Deo, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Bukoba. Tulimchagua kwa urefu wake, naye akatuchagua kwa sababu ya pilau.

Mama Wairimu akampa upawa uwe upanga. "Haya, mfalme. Inua, utishe maadui."

Deo akanyanyua mkono mpaka kiunoni. "Dada Salma, mkono umekataa."

"Jaribu tena," nikamwambia.

"Nimejaribu. Huu ni mkono wa mtu mwingine."

"Mbona mfalme anakaa?" akauliza Mama Wairimu. "Nani amemwambia akae?"

"Mama," akasema Deo akiwa ameshika meza, "mfalme anaomba maji."

Kumvua kulihitaji watu watatu, kwa kuwa kamba zililowa jasho zikakaza. Mimi nilishika bega la kushoto. Mama Wairimu alikuwa anavuta upande wa pili, miwani imemruka mgongoni.

"Sasa niambie, msomi. Kati ya onyesho la pili na la tatu, hawa watoto watavuliwa na nani? Fundi bomba?"

Nikasema waigizaji wa zamani walikuwa na mtu maalumu wa kuwavalisha. Akaniuliza kama naye yumo kwenye bei.

Deo alibaki na fulana. Kiyoyozi cha mkahawa kilikuwa kinapuliza, naye ametota. Nyuma ya mlango palikuwa pametundikwa koti la mlinzi wa mkahawa: jekundu, refu mpaka magotini, vifungo vya shaba, mikanda ya dhahabu mabegani, na kifuani jina la hoteli iliyokwisha kufungwa. Akalivaa ili asipate mafua, akaenda msalani.

Aliporudi, wateja wawili waliokuwa wanapanda ngazi walisimama wakampisha. Mhudumu, ambaye alikuwa amempita mara kadhaa bila kumwona, akamvutia kiti. Deo hakujua kilichotokea. Alijikuta tu amenyoosha mgongo.

"Pilau yangu iko wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ya mtu aliyeomba maji.

Ikaletwa.

Mama Wairimu akaweka upawa mezani taratibu. "Huyo. Huyo ndiye ninayemtaka. Msomi, nishonee hiyo."

Koti lile lilikuwa limekosea zama kwa karne tatu hivi. Nikafungua mdomo, nikasema. Hakuna aliyenisikiliza, na kwa mara ya kwanza niliwaelewa.

Nilirudi chumbani kwangu nikafungua tasnifu yangu, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanikwaruza. Nikalikuta kwenye tanbihi. Nililiandika miaka mingi nyuma, nikaliona dogo mno kukaa pamoja na hoja. Ni hili. London ya yule Mwingereza ilikuwa na sheria za nguo: mahameli ni ya watu wa cheo fulani, zambarau ni ya wengine, na mtu wa kawaida akivaa hariri isiyomhusu ana kesi. Sasa bwana mkubwa anapokufa, anamwachia mtumishi wake mwaminifu nguo zake. Mtumishi hawezi kuzivaa. Anafanyaje? Anawauzia waigizaji. Jukwaani tu ndipo mtoto wa mtengeneza glavu na wenzake walipoweza kuvaa koti la bwana mkubwa. Kumbe wale waliosimama uani wakitafuna njugu walimwona mfalme wa uongo ndani ya nguo ya kweli, nguo iliyowahi kusimama mbele ya wakubwa. Hawakujali kama ni ya zama za mchezo. Warumi wa kale waliigizwa na watu waliovaa kola za mikunjo, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio chake.

Kwa ufupi, jumba la tamthilia maarufu kuliko yote duniani lilikuwa linavaa mitumba.

Nyinyi mmelikuta jiji hili likibomoa na kujenga, kwa hiyo mnajua mitumba ya mabwana wa hapa inapatikana wapi. Hoteli inafunguliwa, inavalisha walinzi na wapokeaji wake kama majenerali, baada ya muda inabadilisha rangi na kutupa kila kitu. Studio za picha za harusi zina magauni ya kifalme ya Kizungu, ambayo maharusi huyavaa kwa kukodi, wakapigwa picha, wakayavua. Mtindo ukipita, yanauzwa. Nyuma ya karakana yetu, kwenye barabara niliyopita kila siku, palikuwa na ghala zima la vitu hivyo. Vilipimwa kwa mzani.

Jumatatu nilimwuliza Shifu Chen kama tunaweza kumshonea Mama Wairimu makoti yale ya dhahabu kabla kontena halijafungwa. Akatazama meza yake, iliyokuwa imefunikwa na nguo za kikundi kimoja cha ngoma.

"Mfalme mmoja," akasema. "Labda na nusu."

Na Jumanne Mama Wairimu alikuwa anakuja kutia sahihi. Laoban angemwambia hakuna tatizo, kwa sababu humwambia hivyo kila mteja. Hakuwa mwongo. Aliamini kwamba tatizo linaanza siku linapofika. Lakini maneno hayo yangepita mdomoni mwangu, kwa Kiswahili, na Mama Wairimu angeyaamini kwa sababu ni mimi niliyeyasema. Nikifanya hivyo, nabaki na kazi, na yeye anarudi kwenye duka lenye kioo kirefu. Nisipofanya hivyo, ndiyo kile kitanda na ile dari.

Nilifikiria njia za katikati. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kutafsiri kwa sauti ya mashaka, nikaijaribu mbele ya kioo, ikasikika kama mafua. Nilifikiria kumwandikia ujumbe wa simu usiokuwa na jina, lakini namba yangu alikuwa nayo. Nilifikiria pia kwamba huenda namdharau: mtu mzima, mwalimu, kwa nini asijiamulie? Hapo nikaona kwamba hawezi kujiamulia jambo ambalo mimi peke yangu ndiye ninayelijua katika lugha anayoisikia.

Jumanne asubuhi tuliketi watatu, mkataba mezani, chai imemiminwa. Laoban akasema, nami nikatafsiri.

"Anasema hakuna tatizo. Nguo zote zitakuwa tayari kabla ya kontena kufungwa."

Mama Wairimu akavaa miwani, akachukua kalamu.

"Hayo ni maneno yake, Mama," nikaendelea. "Yangu ni haya: hazitakuwa tayari. Fundi anaweza mfalme mmoja. Lakini koti lile la Jumapili, na ndugu zake, na magauni ya malkia, vipo tayari hapo nyuma ghalani, vimetumika, vinauzwa kwa kilo."

Akanitazama juu ya miwani. "Vimetumika."

"Ndiyo, Mama."

"Yaani mimi nimetoka Nairobi, nimepita juu ya soko la Gikomba kwa ndege, nije Guangzhou kununua mitumba?"

"Ndiyo, Mama."

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Nimelifikiria hilo pia." Nikamweleza habari za mabwana wa London, watumishi, sheria ya mahameli na waigizaji. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, lakini alikuwa amefundisha fasihi maisha yake yote na alijua kusikiliza mwanafunzi aliyebabaika. Nilipomaliza akavua miwani.

"Kwa hiyo huyo mzee tuliyekuwa tunawachapia watoto wetu, watu wake walikuwa wanavaa Gikomba."

"Ya daraja la kwanza, Mama. Lakini ndiyo."

"Na katika mitihani yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia." Akaifunika kalamu. "Na mikono itabadilishwa? Koti moja liwe mawili?"

"Itafungwa kwa kamba begani. Kwingine tunaweka zipu."

"Sasa unaongea."

Laoban alikuwa anatutupia macho mmoja baada ya mwingine. Aliona kalamu imefunikwa. "Umemwambia nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema jambo jingine, hakuwa na njia ya kujua. Nikamtafsiria yote niliyomwambia Mama Wairimu, bila kupunguza, pamoja na Gikomba, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kutafsiri na siku ilikuwa bado haijaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwongezea mteja chai. Yangu hakuiongeza.

"Sasa wewe ni mfanyakazi wa nani?" akauliza.

"Nadhani ni wake," nikasema, "kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo sijui."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei, akamwita msaidizi aondoe mkataba mezani. Kibali changu hakukifuta; alisema kitaisha chenyewe, na bado hakijaisha. Niliaga karakanani kwa heshima. Shifu Chen hakuinua uso kutoka kwenye kitambaa, akasema tu kwamba jioni baada ya kazi anaweza kuja kutazama mikono hiyo, kwa kuwa nikiachiwa mimi nitaifunga kwa fundo la kihistoria. Nikachukua mwavuli wangu, nikamshika Mama Wairimu mkono kwenye ngazi, tukazunguka nyuma hadi ghalani. Kufikia alasiri tulikuwa tumenunua ikulu nzima kwa kilo, mfalme, malkia na wale wa kusimama nyuma, na kontena lilipofungwa wote walikuwa ndani.